Boksi la Chini ya Kaunta

Kichwa kilikuwa bado kimo kiganjani mwake.

Ndiyo, pale pale tulipomwachia. Jicho Kavu yuko mlangoni kwake asubuhi, nywele hazijachanwa, na mwanamume asiyemjua amemkabidhi kichwa cha mtu. Nyie mliopiga simu gazetini wiki nzima mkiuliza kama kuna mauaji, poleni sana. Ni kichwa cha plastiki, kinaenea kwenye kizibo cha soda. Kimekatika shingoni, na macho yake mawili hayaelewani: moja linatazama sebuleni, jingine linatazama jikoni.

"Huyu unamjua?" yule mwanamume akauliza.

Atakosaje kumjua? Alikuwa Bibi Radi, yule shujaa kikongwe wa katuni, mwenye bakora inayotoa cheche. Sanamu yake ndiyo iliyokuwa ikigombewa mji mzima mwezi ule, na Jicho Kavu mwenyewe ndiye aliyewaambia watu wagombee.

Wewe uliyechelewa kujiunga nasi, nakupa kwa ufupi, na siku nyingine usichelewe. Jicho Kavu ni mchambuzi wa sanamu. Zile sanamu za mashujaa, ndefu kama kiganja, zinazouzwa ndani ya boksi lenye dirisha, ambazo watu wazima wenye ndevu na kazi zao huzikusanya rafuni na kuzifuta vumbi kila Jumapili. Yeye hukaa mbele ya simu, hufungua boksi watu wakiona, huzungusha shingo na viwiko vya sanamu, huikagua rangi kwa kioo cha kukuzia, kisha hutoa alama kwa kumi. Maelfu humsubiri aseme kabla hawajaingiza mkono mfukoni.

Na kwa nini wamsubiri yeye? Kwa sababu hanunuliki. Wenye viwanda wamemletea sanamu za bure, amezirudisha na maboksi yake. Hilo jina la Jicho Kavu hakujipa. Alipewa na meneja mmoja aliyekuja kumbembeleza aongeze alama mbili tu, akatoka anajipangusa machozi kwa tai.

Sasa turudi mlangoni.

Mgeni alijitambulisha kuwa ni kinyozi. Juu ya vioo vya saluni yake amepanga sanamu kuanzia ukuta hadi ukuta, na zote alinunua baada ya kumsikiliza Jicho Kavu. Aliposikia Bibi Radi amepata tisa kwa kumi, alifunga saluni mchana akaenda dukani. Na kwa kuwa kinyozi kazi yake nusu ni mkasi nusu ni mdomo, aliwashawishi na wateja. Wakanunua karibu wote. Wakapata makengeza karibu wote. Bibi Radi wa kinyozi mwenyewe alikatika shingo mteja akiwa kitini, kichwa kikadumbukia kwenye bakuli la povu, na mteja akapakwa nacho usoni kabla hakijaonekana.

Watu walicheka siku moja. Siku ya pili wakaanza kusema kwamba kinyozi na Jicho Kavu wanakula sahani moja. Siku ya tatu viti vyake vikawa vitupu, na yule kinyozi wa ng'ambo ya barabara, ambaye hajui hata kunyoosha mstari wa kisogoni, ana foleni.

"Mimi nilikuamini wewe," akasema, "na wao wakaniamini mimi. Sasa niambie, dada. Walikupa nini?"

Jicho Kavu aliingia ndani, akashusha Bibi Radi wake rafuni, akamweka mezani karibu na kile kichwa. Wake macho yamenyooka. Shingo imekaza. Hata zile mvi za pembeni zimepakwa moja moja, utadhani mchoraji alikuwa anachora mama yake mzazi.

Boksi lile lile. Duka lile lile. Wiki ile ile.

"Yako ni ya kiwandani, yetu ni ya kina sisi," kinyozi akasema kwa uchungu.

Hapo Jicho Kavu akapandwa na hasira, akamweka kitako. Mchezo huo anaujua kuliko mtu yeyote, akamwambia. Kiwanda huchagua sanamu nzuri kuliko zote, huipaka tena rangi kwa mkono, humpelekea mchambuzi. Inaitwa sampuli. Mchambuzi anaisifu kwa moyo safi kabisa, halafu mnunuzi anauziwa mbuzi kwenye gunia. Ndiyo maana yeye hapokei sampuli ya mtu. Hununua dukani kwa hela yake. Na kwa kuwa sura yake inajulikana, haendi mwenyewe. Humtuma Shangazi, ambaye hajui Bibi Radi wala Bibi nani, na ambaye mpaka leo huziita hizo kazi za sanaa midoli.

Kinyozi aliyasikiliza yote hayo, kisha akatikisa kichwa.

"Kikulacho ki nguoni mwako," akasema. "Kuna mtu anakuchezea."

Jicho Kavu alikuwa na jina tayari mdomoni. Kama kuna mtu wa kumchezea, ni Mzee wa Kumi. Akafunga nywele kitambaa, akamshika kinyozi mkono, wakatoka.

Mzee wa Kumi naye ni mchambuzi, kama hilo neno linaruhusu. Anaitwa hivyo kwa sababu hajawahi kutoa alama nyingine. Sanamu isiyo na mguu, kumi. Sanamu yenye mikono miwili ya kushoto, kumi, na akaongeza kwamba ubunifu ni wa hali ya juu. Walimkuta kwenye gereji ambayo gari lake halijaingia siku nyingi, maana maboksi ya bure yamejaa mpaka kwenye dari. Alikuwa amekalia mawili.

Jicho Kavu hakumsalimia. Alimwambia kwamba amegundua fitina yake, kwamba yeye ndiye anayebadilisha sanamu ili kumharibia jina. Mzee wa Kumi alimsikiliza mpaka mwisho kwa adabu zote. Kisha akacheka mpaka boksi moja likabonyea.

"Kwani ulikuwa hujui?" akamuuliza. "Dada yangu, wote tunajua. Kuna boksi lako. Linakaa chini ya kaunta. Siku moja nililiomba mimi, muuza duka akaniambia hapana, hilo lina mwenyewe."

Na kumbe jamani huyu bwana alikuwa akimheshimu. Alieleza kwa unyenyekevu kabisa kwamba miaka yote alimhesabu Jicho Kavu kuwa fundi wao. Wenzake wanahongwa vitu vya wazi, vinaonekana mpaka dirishani, lakini yeye kajitengenezea hongo isiyoonekana, anailipia kwa hela yake mwenyewe, na risiti anayo. Alikuwa akitamani amfundishe.

Jicho Kavu akageuka aondoke.

"Tena nikwambie," Mzee wa Kumi akaendelea. "Mimi nimehongwa, na kila mtu anajua nimehongwa. Nikisema kumi, mwenye akili anajua ni nne, anapita zake. Wewe ukisema tisa, watu wanatoa hela ya kodi ya nyumba. Sasa kati yetu, mwenye madhara ni nani?"

Kinyozi akaitikia kwa kichwa kabla hajakumbuka yuko upande wa nani.

Wakaenda dukani. Njiani Jicho Kavu akakumbuka jambo: siku hiyo ilikuwa ya laivu, ya kufungua boksi watu wakiona moja kwa moja, na Shangazi alishatumwa tangu asubuhi kununua sanamu ya jioni, Bibi Radi wa toleo jipya, mwenye mwavuli. Kama kuna boksi chini ya kaunta, litatoka sasa hivi.

Waliingia wakati muuza duka amegeuka nyuma. Karibu na mlango palikuwa na Bibi Radi wa kadibodi, mrefu kama mtu, amewekwa kuvutia wateja. Wakajibanza nyuma yake. Jicho Kavu alienea. Kinyozi alienea mpaka tumboni.

Shangazi alikuwa kaunta. Kwanza Jicho Kavu hakumtambua. Alivaa gauni la harusi za watu, viatu vya kisigino, na alikuwa amejipulizia yale manukato ambayo huwa anasema yameisha. Kwa safari ya kununua mdoli.

Muuza duka, mwanamume wa makamo mwenye kipara safi na shati lililopigwa pasi mpaka mikono, aliinama, akatoa boksi chini ya kaunta. Hakuliweka juu ya kaunta. Alimkabidhi mkononi, na mkono wake haukurudi.

Alisema amefungua maboksi yote ya stoo. Mmoja hana kidole, mwingine mwavuli haufunguki, waliobaki ni makengeza matupu. Huyu mmoja tu ndiye aliyetulia, ndiyo maana amelifunga boksi lake utepe upya na kumwekea.

"Mimi siwezi kukupa wewe kitu kibovu," akasema. "Sijawahi, na sitaki nianze."

Shangazi akauliza, na wale wengine je? Muuza duka akajibu kwamba wale ni wa wateja. Alivyosema, wala hakuwa na ubaya moyoni. Alikuwa ni mtu aliyependa, na aliyependa huwa haoni foleni.

Basi na tuelewane, wasomaji wangu. Hakukuwa na fitina. Hakukuwa na kiwanda, wala hongo, wala Mzee wa Kumi. Muuza duka hakuwa akimchagulia mchambuzi. Alikuwa akimchagulia Shangazi. Kila tisa aliyoitoa Jicho Kavu kwa kiburi cha uadilifu wake ilikuwa ni barua ya mapenzi ya mtu mwingine, na yeye kazi yake ilikuwa kuisoma kwa sauti mbele ya umati.

Mtanicheka, lakini kilichomuuma hakikuwa hicho. Kilichomuuma ni kwamba Shangazi alicheka. Alicheka kile kicheko cha tumboni ambacho nyumba yao ilikuwa haijakisikia tangu siku ya msiba wa mume wake. Huyu ndiye aliyemlea baada ya baba yake kufariki, akamsomesha kwa cherehani, akafiwa na mume, akaendelea kushona. Jicho Kavu alikuwa akidhani kile kicheko kimekufa. Kumbe kilikuwa kinakwenda dukani.

"Leo nije kweli?" muuza duka akauliza.

"Njoo saa kumi," Shangazi akasema. "Wazazi sina, kaka sina. Yule binti ndiye ukoo wangu wote. Akikukubali yeye, umekubaliwa."

Nyuma ya kadibodi, kinyozi alivuta pumzi ndefu.

"Huyo ndiye shangazi yako?" akanong'ona.

"Ndiye."

"Pole." Akafikiri kidogo. Ni mtu mwenye huruma, msimwone vile. "Lakini dada, wateja wangu je? Leo usiposema wewe, nitasema mimi. Na mimi nikisema, sitachagua maneno."

Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Lakini laivu nayo haifichi kitu. Jicho Kavu alirudi nyumbani na hesabu nyepesi ya kuelewa na ngumu ya kufanya. Akisema kweli, duka linakufa jioni ile ile, na anayekufa nalo ni mchumba wa Shangazi. Akinyamaza, wale waliomwamini wataendelea kununua makengeza kwa jina lake, na yeye atakuwa Mzee wa Kumi mwenye sura nzuri.

Alimkuta Shangazi anapanga vikombe. Vikombe vya wageni, vile ambavyo yeye mwenyewe hajawahi kuruhusiwa kunywea.

"Shangazi, nilikuwa dukani," akasema.

Shangazi hakushtuka. Aliweka kikombe cha mwisho, akaketi, akaikunja mikono juu ya mapaja.

"Basi umeona," akasema. "Nampenda. Sikukwambia kwa sababu wewe kila kitu unakitafuta kasoro, na mimi nilitaka kukaa kidogo na kitu ambacho bado hujakikagua."

Hilo liliingia. Jicho Kavu alilimeza, akaeleza habari ya maboksi. Akaeleza habari ya kinyozi, povu na viti vitupu. Shangazi alisikiliza kwa makini, maana si mjinga, ni midoli tu ambayo hakuwahi kuijali.

"Kwa hiyo watu wamepata vibovu," akasema.

"Wengi."

"Lakini mwanangu, mimi sikuwatuma wanunue. Na yeye hakuwatuma." Hakusema kwa ukali. "Aliyewatuma ni nani?"

Jicho Kavu alijielekezea kidole kifuani, kitambaa cha nywele kimelegea upande. Kisha akamwambia Shangazi kwamba jioni atasema ukweli wote, na kwamba anaogopa kumtilia mchanga kitumbua chake, na kwamba anampenda. Akayasema yote matatu kwa pumzi moja kwa sababu angetulia asingeyamaliza.

Shangazi alisimama, akamfunga kile kitambaa vizuri.

"Sema," akasema. "Lakini naye atakuwepo. Sitamfukuza mgeni niliyemwita."

Saa kumi, basi. Sebule imegeuka studio kama kawaida: shuka jeupe ukutani, taa ya duara, simu juu ya mguu wa chuma, meza ndogo yenye kitambaa cheusi. Kwenye kochi, nje kidogo ya picha, Shangazi na muuza duka wamekaa bega kwa bega. Bwana amevaa suti. Ameleta maua, hajui ayaweke wapi, ameyashika kama tiketi. Karibu na mlango kinyozi amesimama na mfuko wenye maboksi matatu aliyoyanunua dukani, aliyoyatoa rafuni mwenyewe, si chini ya kaunta.

Muuza duka aliyaona yale maboksi akayajua. Alimtazama Shangazi. Shangazi akampigapiga goti, akamwambia atulie.

Jicho Kavu akabonyeza. Watazamaji wakaanza kumiminika, jumbe zikapanda kwenye kioo haraka kuliko anavyoweza kusoma. Hakuwasalimu kwa zile mbwembwe zake. Alifungua boksi la kwanza: makengeza. La pili: makengeza, na mwavuli umegandia mkononi. La tatu alipozungusha shingo kidogo tu, kichwa kikatoka, kikabiringika juu ya kitambaa cheusi, kikaanguka miguuni mwa muuza duka. Bwana wa watu akakiokota, akakaa nacho pamoja na maua.

Kisha Jicho Kavu akasema yote. Alisema Bibi Radi wa mwezi ule alikuwa amechaguliwa, na waliotangulia pia. Alisema hakujua, na kwamba kutojua si dawa, kwa sababu kazi aliyojitwika ni kujua. Alijivuna kwamba hanunuliki, na hakuwahi kujiuliza kwa nini bahati yake dukani haiishi. Aliomba radhi kwa waliomsikiliza, na kwa kinyozi akimtaja kwa kazi yake, mpaka kinyozi akajifuta jicho kwa mfuko mtupu.

"Bibi Radi, huyu mnayemnunua nyinyi, nampa mbili kwa kumi," akasema. "Na kuanzia leo, chochote kitakachoingia kwenye sebule hii mtakiona na mtakisikia kama kilivyo. Sitawachagulia. Kitakachoniumiza nitakisema kwanza."

Jumbe zikalipuka. Wengine walimtukana, wengine walimpongeza, wengine waliuliza duka liko wapi wakalichome. Mzee wa Kumi, ambaye kumbe hutazama kila laivu, aliandika kwamba maungamo haya ni kumi kwa kumi.

Muuza duka alisimama. Kinyozi akajiandaa kwa ugomvi. Lakini bwana yule alivuta hatua mbili mpaka ndani ya picha, kichwa cha Bibi Radi mkono mmoja, maua mkono mwingine, akasema kweli tupu. Alisema maneno ya binti ni sahihi. Alikuwa akichagua kwa ajili ya mtu mmoja na hakuwafikiria wengine, na mwenye makengeza arudishe dukani, atapewa hela yake. Jicho Kavu, kwa mara ya kwanza, alimtazama vizuri.

Hapo ndipo Shangazi alipoinuka na gauni lake, akaingia kwenye picha, akasimama kati yao.

"Umemaliza na midoli?" akamuuliza mpwa wake. "Haya. Sasa mpe alama huyu."

"Shangazi, tuko laivu."

"Najua. Wewe si hupendelei mtu? Mimi sina baba wa kuniulizia habari zake. Nina wewe. Mpe alama, na hao wote wasikie, ili kesho asije mtu akasema ulinipaka mafuta kwa mgongo wa chupa."

Jumbe zilikoma kupanda. Nadhani maelfu ya vidole vilikuwa hewani.

Jicho Kavu akamkagua. Hakutumia kioo cha kukuzia, lakini alikuwa karibu kukichukua. Akasema: suti imebana mabegani, pengine ya kuazima. Maua hajui ayaweke wapi, ila anasimama. Aliharibu kazi ya watu bila kukusudia, akakubali bila kulazimishwa, na hilo la pili wengi hawana. Anachagua vizuri anapopenda. Asipopenda hajali, na hiyo ni kasoro kubwa, atahitaji kuangaliwa.

"Saba," akasema.

Muuza duka aliinamisha kichwa. Alikuwa ametegemea angalau nane.

Shangazi akafikiri. Kisha uso wote ukachanua.

"Saba inanitosha," akasema. "Marehemu alikuwa nne, na nilimlilia mwaka mzima."

Kinyozi aliangua kicheko mlangoni, muuza duka akacheka kwa kuchelewa, na Shangazi akacheka kile cha tumboni, sasa ndani ya nyumba yake, mbele ya dunia. Jicho Kavu naye akacheka huku machozi yanamtoka. Alifurahi, wala hakujificha. Akainama kwenye simu ili aage watazamaji.

Ndipo akauona. Ujumbe mmoja, hauna picha, hauna jina, umekaa juu ya kioo peke yake.

*Huyo mwenye maua ni mume wangu. Hatujaachana. Muulizeni jana alilala wapi.*

Jicho Kavu aliusoma mara mbili. Anaweza kuwa mke kweli. Anaweza kuwa mtu mwenye makengeza rafuni na hasira moyoni, anataka kulipiza. Anaweza kuwa mtani tu mwenye kidole na nafasi. Nani anamjua? Nani amwamini? Alinyanyua macho. Muuza duka alikuwa akicheka bado, ametazama upande mwingine.

Shangazi aliona uso wa mpwa wake umebadilika. Akasogea, akakodolea kioo, akashindwa.

"Kimeandikwa nini hapo?" akauliza. "Miwani nimeiacha chumbani."

Akamshika bega, bado anatabasamu.

"Nisomee, mwanangu. Kwa sauti, na hao wasikie."